Goliath: manowari iliyoupiga mji wa Dar, ikashindwa Rufiji, ikazama Uturuki

Habari za manowari za Vita vya Kwanza vya Dunia zikianza kusimuliwa huku kwetu basi ni Königsberg tu, ile kruza (manowari nyepesi ya mwendo) ya Wajerumani. Königsberg ilivyoizamisha Pegasus ya Waingereza pale Zanzibar, Königsberg ilivyojificha kwenye mikoko ya Rufiji, mizinga ya Königsberg ilivyotolewa melini ikaburutwa bara na jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, na ukienda Fort Jesus Mombasa mzinga wake mmoja upo unauona kwa macho yako. Sawa, ni habari nzuri na inastahili kusimuliwa. Ila mimi naona kuna meli nyingine iliyokuwa kwenye maji haya haya miezi ile ile, zaidi ya mara tatu ya uzito wa Königsberg, na ndo iliyoupiga mji wa Dar es Salaam kwa mizinga ya inchi 12, na kwa mtu anayetaka kuelewa manowari kubwa zilikuwa za kazi gani hasa, hiyo ndo ya kuisoma kwanza. Jina lake HMS Goliath, ya Waingereza.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Goliath ilijengwa ili itishe, na kitisho chake kilifanya kazi sehemu moja tu, pale ambapo aliyelengwa hana pa kujificha. Meli inaweza kuingia mtoni ikajificha, boti inaweza kujificha kwenye ukungu, lakini mji hauendi popote. Ukiifuatilia Goliath toka inajengwa mpaka inazama utaliona hilo linajirudia, na ndo maana nasema historia yake inatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Tuanzie ilikojengwa. Kazi ilianza Januari 1897 kwenye karakana ya serikali ya Chatham, kando ya mto Medway kusini mashariki mwa Uingereza, ikashushwa majini Machi 1898 na ikaingia kazini Machi 1900. Zilikuwa meli sita za aina moja, Canopus ndo ya kwanza na ndo iliyoipa jina aina nzima, wenzake Albion, Glory, Goliath, Ocean na Vengeance, na aliyezisanifu ni Sir William White ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa usanifu wa meli za jeshi la majini la Uingereza.

Sasa kwanini zijengwe, maana Uingereza tayari ilikuwa na manowari kubwa za aina ya Majestic, mpya kabisa. Jibu lipo Asia. Japan miaka ile ilikuwa imeagiza manowari kubwa mbili, Fuji na Yashima, na imeziagiza huko huko Uingereza, kwahiyo Waingereza walijua vizuri kabisa kinachokwenda Mashariki ya Mbali maana wao ndo waliokijenga. Wakataka meli za kukaa bahari ya China, zenye uwezo wa kufika kule haraka, na kufika haraka maana yake kupita mfereji wa Suez, na mfereji wa wakati ule haukuwa na kina cha kuchukua chochote kinachokuja. Kwahiyo meli ikabidi ipunguzwe uzito isizame sana majini. Goliath ikatoka na kama tani 13,000 hivi, pungufu kwa karibu tani 2,000 ukilinganisha na Majestic, urefu karibu mita 130, mizinga mikubwa minne ya inchi 12, miwili omo (mbele) na miwili tezi (nyuma), na pembeni mizinga 12 ya inchi 6. Kombora moja la ule mzinga mkubwa lilikuwa na uzito wa karibu kilo 385. Hiyo namba naomba uishike maana tutaihitaji tukifika Dar.

Uzito ulipopungua kuna kitu lazima kilipungua na kilichopungua ni chuma cha kinga. Majestic ubavuni ilikuwa na bamba la inchi 9, Goliath ikawekewa inchi 6. Walichojitetea nacho ni kwamba chuma chenyewe ni bora, kimetengenezwa kwa njia mpya ya Krupp, na Krupp ni kampuni ya Kijerumani ya Essen, yaani ubavu wa manowari ya Uingereza ulilindwa kwa ufundi uliobuniwa Ujerumani, na wakati ule hakuna aliyeona tatizo maana adui aliyekuwa anafikiriwa ni Mfaransa, Mrusi na Mjapani. Alafu kuna jambo la deki. Zilivuma habari kwamba Wafaransa wanataka kuweka melini mizinga inayorusha kombora juu kabisa lije lishuke kwa wima, basi Waingereza wakaongeza bamba jingine juu ya deki ili kujikinga na hilo, na Wafaransa hiyo mizinga hawakuiweka. Uzito ukabebwa maisha yote ya meli kwa sababu ya uvumi. Mimi hili nalitilia maanani sana, kwa sababu linaonyesha hizi meli zilikuwa zinachorwa kwa hofu ya miaka miwili mitatu ile, ila zinategemewa zifanye kazi miaka 20.

Kwenye injini ndo kulikuwa na ujasiri wa kweli. Goliath na wenzake ndo manowari kubwa za kwanza za Uingereza kutumia boila za aina ya Belleville, ufundi wa Kifaransa, ambapo maji ndo yanapita ndani ya mabomba na moto unakaa nje, tofauti na zile za zamani ambazo moto ndo unapita kwenye mabomba yaliyozungukwa na maji. Faida yake stimu inapanda haraka na boila zenyewe ni nyepesi. Hasara yake zinahitaji fundi anayejua anachofanya, zinavuja, na zikitunzwa vibaya zinakula makaa ya mawe kupita kiasi. Zilikuwa 20 mle ndani, zinalishwa kwa mikono, wanaume wanapiga koleo zamu kwa zamu chini ya deki ambako jua halifiki, na meli ikipewa kila kitu ilikuwa inakimbia kama kilomita 33 kwa saa. Kwa mwaka 1900 hiyo ni kasi nzuri kwa manowari kubwa.

Miaka ya mwanzo nitaipita haraka maana haina mengi. Goliath ilikwenda China ikiwa mpya, ikakuta uasi wa Mabondia, Wachina waliowapinga wageni, bado haujatulia, ikakaa kule mpaka 1903. Lakini hapo hapo katikati, mwaka 1902, Uingereza ikasaini mkataba wa urafiki na Japan, na ilipofika 1905 Japan ikawa imezimaliza meli za Warusi kule Tsushima. Kwahiyo ile sababu iliyofanya Goliath ijengwe nyembamba ya kinga na nyepesi ya kupita Suez ikawa imeisha, adui aliyelengwa kageuka mshirika na adui mwingine kavunjwa na huyo huyo mshirika, na meli yenyewe bado rangi haijachakaa. Alafu Desemba 1906 ikaingia kazini HMS Dreadnought, mizinga 10 ya inchi 12, injini za tabini (stimu inazungusha mapanga moja kwa moja), kasi ya kilomita karibu 39 kwa saa, na kuanzia siku hiyo kila manowari kubwa iliyojengwa kabla ikahesabiwa ni ya zamani, pamoja na Goliath iliyokuwa na miaka sita tu kazini. Ikawa inahamishwa hamishwa kwenye vikosi vya nyumbani, mwishoni ikawekwa akiba Pembroke na wanamaji wachache wa kuilinda, na ingekuwa sio vita ya 1914 nadhani ingeuzwa chuma chakavu bila mtu kuiandika.

Agosti 1914 ikaamshwa. Ikajazwa mabaharia wa akiba, watu wazima walioacha jeshi zamani, na pamoja nao vijana wadogo sana waliotolewa chuo cha wanamaji cha Dartmouth wakiwa na miaka 15, 16, wakapandishwa melini kama maofisa wanafunzi. Hilo jambo la watoto naliweka hapa kwa makusudi, nitalirudia. Mwisho wa mwezi huo ikalinda wanajeshi wa majini walioshushwa Ostend kule Ubelgiji, kisha ikatumwa bahari ya Hindi kusindikiza misafara ya meli zilizobeba askari kutoka India. Injini zilishaanza kusumbua. Jeshi la kutoka India liliposhuka Tanga Novemba 2 na kupigwa vibaya na askari wachache wa Lettow-Vorbeck, manowari iliyokuwepo pale ni kruza ya zamani Fox, Goliath haikuwepo, na kwa mtazamo wangu Tanga ndo sehemu moja ambayo mizinga yake ingeweza kuwa na maana ya kijeshi kweli kweli.

Ikaja Rufiji.

Königsberg ilikuwa imejificha ndani ya delta toka baada ya kuizamisha Pegasus Septemba 20, na Oktoba 30 kruza ya Waingereza Chatham ikaiona. Waingereza wakawa na furaha kwamba sasa wamemkamata, wakaita Goliath, maana kama una mizinga ya inchi 12 na adui kakaa mahali pamoja hawezi kutoka, kazi imebaki kufyatua tu. Wanaoijua delta ya Rufiji watakuwa wameshaelewa tatizo. Yale sio maji ya meli kubwa. Mto unatoka baharini kwa midomo mingi, kila mdomo una fungu la mchanga mbele yake, fungu lenyewe linahama na msimu, maji yakipwa unaona tope na mizizi ya mikoko mpaka mbali, na Goliath ilikuwa inazama karibu mita nane chini ya mstari wa maji. Yaani pale ambapo ngalawa ya mvuvi wa Mafia inapita bila kufikiri, Goliath ingekwama kilomita nyingi kabla. Haikuweza kusogea kiasi cha kuifikia Königsberg, mizinga mikubwa kuliko yote iliyokuwa kwenye bahari hii ikabaki nje inaangalia mikoko. Na Königsberg yenyewe ilikuwa imeshusha mlingoti wa juu na kujifunika matawi, kiasi kwamba ilibidi itafutwe ndege ya kuweza kuiona kutoka juu.

Mimi hapa ndo nasema somo la kijeshi la Goliath liko wazi na Waingereza wenyewe walilielewa, kwa sababu kilichokuja kuimaliza Königsberg Julai 11, 1915 ni Severn na Mersey, meli mbili bapa zenye kina kisichofika mita mbili, zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazil na Brazil ikashindwa kuzilipia. Hakuna kitu kwenye hizo meli ambacho ungekisifia ukiziweka gatini karibu na Goliath. Ila zilikuwa za mahali pale, zikaingia mdomo wa mto, ndege ikawa juu inazielekeza, zikafanya kazi ambayo manowari ya tani 13,000 haikuweza hata kuianza.

Sasa Dar es Salaam. Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo, maana ukianza na makombora bila kujua kilichotangulia utaona upande mmoja tu.

Agosti 8, 1914 kruza ya Waingereza Astraea ilikuja mbele ya Dar ikaupiga mtambo wa simu za upepo. Wajerumani wao walikuwa wameshazamisha chelezo lao linaloelea, la kutengenezea meli, kwenye mlango wa bandari ili manowari zisiingie. Gavana Heinrich Schnee hakutaka miji ya pwani iharibiwe, akakubaliana na Waingereza kwamba Dar haitapigana na haitapigwa, na Lettow-Vorbeck alichukia sana hilo jambo maana yeye aliona gavana anamfunga mikono kabla vita haijaanza. Serikali ya London nayo haikuyakubali yale makubaliano. Kwahiyo ikabaki hali ya ajabu ambapo kila upande una tafsiri yake ya nini kinaruhusiwa. Na ndani ya bandari kulikuwa na meli za abiria za Kijerumani zimenasa, König, Feldmarschall, na Tabora ambayo ilikuwa inahesabiwa kama meli ya hospitali, na Waingereza walikuwa na hofu kwamba kuna siku zitatoka kuipelekea Königsberg makaa ya mawe.

Novemba 28 Goliath na Fox zikatokea mbele ya Dar. Wakasema wanataka kukagua meli zilizopo bandarini, mjini bendera nyeupe zikapandishwa, na Komanda Henry Ritchie wa Goliath akaingia na boti ndogo za stimu pamoja na tagi ya Kijerumani iliyotekwa, Helmuth. Ritchie hakukagua tu. Watu wake walipanda zile meli wakaweka baruti kuharibu injini ili zisiweze kusafiri tena. Wajerumani wakasema huo sio ukaguzi, huo ni uharibifu na makubaliano yamevunjwa na nyie, Waingereza wakasema nyie mmepiga risasi huku bendera nyeupe inapepea. Nimesoma maelezo ya pande zote na maoni yangu ni kwamba wote wawili walilitumia lile neno la amani kwa namna iliyowafaa, ila wa kwanza kufanya kitendo cha vita siku ile ndani ya bandari ni aliyeweka baruti kwenye injini.

Ujasiri wa Ritchie siupunguzi hata kidogo. Aliona mapema kuna kitu hakipo sawa, bandari ilikuwa kimya kupita kiasi, akafunga matishari mawili ya chuma ubavuni mwa boti yake, moja kila upande, kama ngao. Yeyote anayepanda pantoni ya Magogoni kwenda Kigamboni anajua ule mlango ulivyo mwembamba, ukiwa katikati unaona watu wa ng'ambo zote mbili vizuri tu, basi jaribu kufikiria unatoka pale polepole na boti ya stimu huku bunduki zinakupiga kutoka ufukweni. Alipigwa mara nane ndani ya kama dakika 25, akaendelea kuongoza mpaka damu ikamwishia akazirai, na wengine wa kundi lake waliachwa nyuma wakashikwa mateka. Aprili 1915 ikatangazwa kapewa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya Uingereza, na kitendo chake ndo cha kwanza cha mwanamaji kuzawadiwa nishani hiyo katika vita ile, ingawa mwanamaji mwingine alitangazwa kabla yake.

Lakini wakati vitabu vya majeshi vinasimulia zile dakika 25 za Ritchie kwa kurasa, makombora yaliyoangukia mji yanapita kwa mstari mmoja. Goliath na Fox ziliupiga mji Novemba 28 na zikarudi zikaupiga tena Novemba 30. Nyumba ya gavana pale ufukweni, ambayo ilikuwa jengo kubwa la fahari la utawala wa Kijerumani, ikabomolewa vibaya. Rudi kwenye ile namba ya kilo 385. Hicho ni kitu kilichobuniwa kutoboa chuma cha manowari nyingine baharini, umbali wa kilomita kadhaa, sasa kinatupwa kwenye mji wa mawe ya matumbawe, miti na makuti, mji ambao Wajerumani wenyewe walikuwa wachache ndani yake na waliobaki wote ni Waswahili, Wahindi, Waarabu, watu wa bara waliokuja kutafuta kazi ya kuli bandarini na kwenye reli, watu ambao hakuna aliyewauliza kuhusu vita ya mfalme yeyote. Kijeshi ilileta nini? Dar haikusalimu amri. Lettow-Vorbeck hakupunguza hata kampuni moja ya askari wake. Bandari ilikuwa imeshafungwa na lile chelezo. Zile injini zilizoharibiwa ni kazi ya boti ndogo na baruti, sio ya mzinga wa inchi 12. Mji ukatwaliwa Septemba 4, 1916, karibu miaka miwili baadaye, na uliangushwa na jeshi la nchi kavu lililoshuka kutoka kaskazini.

Wapo watakaosema unaihukumu meli nzee, Goliath ilikuwa imepitwa na wakati, mpe manowari mpya uone. Nimelifikiria hilo na silikubali. Uzee unaeleza injini mbovu, hauelezi Rufiji, maana Dreadnought yenyewe ingekwama pale pale, tena mapema zaidi kwa sababu ni nzito zaidi. Na uzee hauelezi Dar. Mzinga ni ule ule, mji ni ule ule. Tatizo lilikuwa kwenye fikra yenyewe ya kwamba ukiwa na mzinga mkubwa kuliko wote basi kila jambo la baharini unaweza kulimaliza kwa kusogea na kufyatua.

Machi 25, 1915 ikaamriwa iondoke Afrika Mashariki iende Dardanelles, ule mlango mwembamba wa bahari unaoelekea Istanbul. Wiki moja kabla, Machi 18, ndugu yake Ocean alikuwa ameshazama kule kwa bomu la kutegwa majini, pamoja na Irresistible ya Waingereza na Bouvet ya Wafaransa, na mabomu yale yalikuwa yametegwa kwa siri usiku na meli ndogo ya Waturuki inaitwa Nusret. Manowari kubwa tatu siku moja. Ungetegemea mtu ajiulize. Badala yake zikaitwa nyingine kujaza nafasi na Goliath ni mojawapo.

Niwe mkweli, kule Goliath ilifanya kazi ya maana. Aprili 25 askari waliposhuka Cape Helles, kwenye mdomo wa mlango ule, iliwapiga jeki kwa mizinga yake, na siku zilizofuata ikapiga ngome na mahandaki ya Waturuki, ikapigwa na yenyewe ikaumia kidogo, ikaendelea. Askari wa miguu aliyebanwa ufukweni akisikia mzinga wa inchi 12 upo upande wake anapata moyo, hilo halina ubishi.

Usiku wa Mei 12 kuamkia 13 ilikuwa imetia nanga ghuba ya Morto, karibu na mdomo wa mlango wa bahari, ikiwasaidia Wafaransa waliokuwa upande wa kulia wa mapigano. Karibu yake kulikuwa na manowari Cornwallis, na mbele zimewekwa destroya (manowari ndogo za kasi) tano za kulinda. Ukungu ukashuka. Kutoka ndani ya mlango wa bahari ikaja boti ya topido (bomu linalokimbia chini ya maji) ya Waturuki, Muavenet-i Milliye, imejengwa Ujerumani kwenye karakana ya Schichau, uzito kama tani 620, nahodha wake Ahmet Saffet, na ndani yupo ofisa wa Kijerumani Rudolf Firle anayesimamia topido. Ikajibana na majabali ya upande wa Ulaya, polepole, bila taa, ikazipita destroya mbili Beagle na Bulldog bila kuonekana. Ilikuwa saa saba usiku na kitu. Goliath wakaiona, wakauliza kwa taa wewe nani, boti ikajibu kwa taa kiasi cha kuwachelewesha walioko zamu, na muda ule mfupi ukatosha kabisa. Topido tatu. Mbili zikapiga karibu kwa pamoja, moja usawa wa mnara wa mizinga ya mbele na nyingine usawa wa bomba la moshi la mbele, ya tatu ikapiga upande wa tezi. Meli ikalala ubavu na kupinduka ndani ya dakika chache, watu wengi walikuwa wamelala chini ya deki, na maji ya pale yana mkondo mkali unaomsukuma mtu nje baharini hata kama anajua kuogelea. Walikufa watu 570 katika wapatao 700, pamoja na kapteni wao Thomas Shelford, na kati yao walikuwemo wale watoto wa Dartmouth niliowataja. Mtoto wa miaka 16 hana kosa kwenye hesabu za wakubwa wa Admiralty, makao ya jeshi la majini la Uingereza, na mtu wa Dar aliyeangukiwa na kombora Novemba hana kosa pia, na mimi nikiisoma hii historia siwezi kumlilia mmoja nikamwacha mwingine.

Linganisha mwenyewe hapo, tani 620 zimezamisha tani 13,000. Mizinga minne mikubwa na 12 ya pembeni, na walichowahi ni kurusha risasi chache gizani. Ile kinga ya inchi 6 ya Krupp haikuguswa kwa namna ilivyokusudiwa, topido inapiga chini ya maji, chini ya bamba, na bamba la pili la deki lililowekwa kwa ajili ya makombora ya Wafaransa lilichangia uzito wa kitu kilichokuwa kinapinduka.

Habari ilipofika London ilikuta nyumba inaungua tayari. Lord Fisher, mkuu wa wanamaji na ndo huyo huyo baba wa Dreadnought, alikuwa amechoshwa na Churchill, waziri wa jeshi la majini, na mpango wa Dardanelles, na alikuwa anataka manowari mpya Queen Elizabeth itolewe kule haraka kabla haijapatwa na kama haya. Ikatolewa. Mei 15 Fisher akajiuzulu, serikali ya waziri mkuu Asquith ikatikisika mpaka ikabidi iundwe ya mseto, na Churchill akaondolewa Admiralty mwezi ule ule. Sisemi Goliath peke yake ndo ilisababisha, kulikuwa na kashfa ya upungufu wa makombora kule Ufaransa na mengine mengi, ila watu 570 kwa usiku mmoja ni uzito ambao hakuna waziri angeweza kuupuuza. Mei 25 nyambizi ya Kijerumani U-21 ikaizamisha Triumph, Mei 27 ikaizamisha Majestic, ile ile ya inchi 9 ubavuni, na baada ya hapo manowari kubwa zikaondolewa kukaa mbele ya Helles.

Ritchie alipona, kwa sababu majeraha ya Dar yalimtoa melini. Goliath ipo chini ya maji ya ghuba ya Morto mpaka leo, na Waturuki wanamkumbuka Ahmet Saffet kama shujaa, kitu ambacho ni haki yao kabisa, walikuwa wanalinda nyumbani kwao. Sisi upande wetu kilichobaki ni Ikulu. Waingereza walipokuja kutawala Tanganyika walitaka gavana wao akae pale pale alipokaa wa Kijerumani, wakakuta jengo ni gofu kwa makombora ya meli zao wenyewe, ikabidi lijengwe upya, na mwaka 1922 likawa limekamilika kwa mchoro wa John Sinclair, yule yule aliyechora majengo mengi ya serikali kule Zanzibar. Kila maelezo ya Ikulu ya Magogoni yanayowekwa kwa wageni na wanafunzi yangepaswa kuitaja Goliath kwa jina, na tarehe zake mbili, Novemba 28 na 30, 1914.